Sofia Hajataja Jina Yenu

Alphonsine, mujukuu wangu, hauna haya. Umefunga masanduku, umepiga pasi mpaka leso za Gaston, umeimba, ndiyo, nimekusikia unaimba kwa dirisha, na mudogo wangu Sofia analala juu ya simiti ya buloko ya polisi kwa sababu yako. Yako na ya bwana wako. Na yangu pia, hiyo nitafika. Kwanza nikugombeze.

Ninaandika na crayon yenye Gaston aliacha juu ya meza, na karatasi nimepasua kwa cahier yako ya shule ya masista. Usicheke herufi yangu. Kusoma nilifundishwa na katekista, kuandika alinifundisha nusu tu akahamishwa, nusu ingine nimemaliza mwenyewe. Ningekuambia haya kwa mudomo. Lakini Marta na watoto wake wamelala hapa miguuni pangu, na ukuta kati ya chumba yangu na yenu ni nyepesi kama gazeti. Nikifungua mudomo nitapiga kelele, Gaston ataamka, ataanza Kifaransa yake, na wewe utaangalia chini. Nimechoka kuona unaangalia chini. Na asubuhi hautanikuta. Kule buloko hawalishi mutu, ndugu yake njo anamuletea, nitatoka mbele yenu kumupelekea chai na makemba ya kuchoma.

Wamama wengine mutoto akienda mbali wanamufundisha namna ya kufua shuka na kupima chumvi. Mimi koko wako sina nafasi ya chumvi. Majani ya sombe unajua kutwanga. Lituma yako ya ndizi iko nzuri, karibu kama yangu. Bwana akichelewa, funika sahani yake. Bon, hiyo imeisha.

Sasa nikuambie mambo ya siku hizi vile mimi niliyaona, kwa maana naona wewe uliyaona ingine.

Ijumaa walifika na mutumbwi kutoka Yanonge. Walijialika? Hapana. Mimi mwenyewe nilituma neno: Alphonsine anahamia Kindu na bwana wake karani, kujeni mumuage. Sofia akapanda kutoka mutoni kwa miguu mpaka hapa Mangobo, kitunga ya samaki ya kukauka juu ya kichwa, na magoti yake ile ya kuvimba. Marta binti yake nyuma, watoto nyuma ya Marta, kuku moja chini ya kwapa. Mbele hajatua kitunga, Sofia akaita: «Bibi wa karani iko wapi? Atoke nimuone kama amenona!» Ukatoka. Ukacheka. Lakini mimi niliangalia pua yako. Ilishika harufu ya samaki kwanza, mutu ikamushika kisha.

Gaston akaniita ndani, akafunga mulango. Unakumbuka, ulikuwa umesimama pale kwa kabati, unakunja kitambaa yenye ilikuwa imekwisha kukunjwa.

«Koko,» akasema, «hawa wageni hatuwezi kuwaandikisha.»

Nikafikiri amelewa. Katika cité nani hajui sheria? Mugeni akilala kwako, siku ile ile unamupeleka kwa chef ya mutaa, anaonyesha karatasi yake ya njia, jina yake inaandikwa pamoja na jina ya mwenye nyumba. Kisha hapo anatembea mji yote, polisi hana neno naye. Nimepokea watu wa Yanonge tangu baba yako alijenga nyumba hii, hata mara moja sikuacha kuwapeleka.

«Kesho Komisioni inakuja kupima kama tunaishi kizungu, watupe karte,» Gaston akasema. «Wakipitia kwa chef wakasoma kama hapa wanalala watu wengi hivi kwa vyumba viwili, watasema ils vivent comme au village. Basi, karte imepotea.»

Nikamuuliza, «Tunaishi kama kijijini? Na kijijini iko na nini?»

Akaniambia tu mambo ya karte. Na karte ile mutoto mwenye mutazaa ataingia shule ya wazungu. Na karte ile ataketi mahali sisi hatuketi. Hakuna mutu atamuita wewe-wewe kama mutumishi. Alisema polepole, jasho inatoka, na nikaona kama si kiburi. Kijana huyu anaogopa. Anaogopa kuwa kama sisi maisha yake yote. Nikamuhurumia, Alphonsine. Ile huruma njo ilinikosesha. Nikasema: haya, fanyeni vile munajua.

Jumamosi asubuhi ukawatoa. Si kufukuza, hapana, ulisema vizuri, masista wamekufundisha kusema vizuri: «Koko Sofia, endeni muangalie soko, mji imekuwa muzuri sana, murudi jua ikianza kushuka.» Hukuwapa mutu wa kuwaongoza. Kisha pale kwa mulango ukamushika mukono, nilisikia, nilikuwa napepeta muchele: «Koko, mutu akikuuliza leo unalala wapi, usimuambie ni kwetu. Leo tu.»

Na Sofia akakupiga shavu kidogo: «Mutoto wangu, hata wanitwange kama sombe, sitasema.»

Wakaenda. Ukafungua madirisha yote harufu itoke.

Komisioni ikaingia: muzungu moja wa biro ya serikali, Padri moja, na mutu mweusi moja mwenye kravati, na huyu njo alikuwa mukali kupita wale wawili. Walipima kitanda na macho, wakaenda mpaka choo, wakafunua sufuria. Walikuuliza kama unakula kwa meza pamoja na bwana wako, ukasema oui, na mimi ninajua unakula na mimi huku jikoni, tunacheka, mafuta inashuka mpaka kwa kiwiko. Mimi ulinivalisha viatu ya marehemu mama yako, ukanikalisha kwa kiti, ukanipa uma. Niliishika kama mutu ameshika mukia ya nyoka, anaogopa kuiacha, anaogopa kuendelea.

Wa kravati akanigeukia. «Mama, hapa munaishi wangapi?»

Nikakuangalia. Ukaangalia chini.

«Watatu tu, Papa,» nikasema.

«Na samaki hii yote?»

«Tunapenda samaki.»

Padri akacheka mpaka tumbo ikatikisika. Gaston akacheka nyuma ya Padri. Nawe ukacheka nyuma ya Gaston. Na ni saa ile ile, Alphonsine, ni wakati tunacheka hivyo, polisi walikuwa wanazunguka soko.

Marta aliona kofia zao akabeba mutoto mudogo, akavuta wengine, wakakimbia mpaka hapa, Komisioni ilikuwa imekwisha kutoka. Sofia hakukimbia. Na magoti ile akimbilie wapi? Tena alikuwa na karatasi yake ya njia ndani ya kilemba, chef wa kwao alitia muhuri, akafikiri inatosha. Polisi akaisoma, akauliza: «Umelala kwa nani?»

«Nimelala.»

«Nasema kwa nani?»

«Nimelala vizuri, mwanangu, aksanti.»

Mama mwenye kuuza chumvi njo alinieleza. Anasema soko yote ilicheka. Polisi akaona kama muzee anamuchezea mbele ya watu, akamupandisha gari yao. Na Sofia alikuwa na jina yenu mudomoni. Angeitoa, angerudi kula samaki yake. Hakuitoa, kwa sababu wewe ulimuambia asiitoe.

Leo kisha misa mulibaki mbele ya kanisa kupiga picha ya kuagana. Mimi nilienda kule. Nilisimama kwa jua mpaka kijana moja wa polisi akanisikiliza, mutoto kabisa, ndevu hajaota.

«Mama, huyu muzee hana mwenyeji. Kesho asubuhi anakwenda kwa tribunali. Watamufunga, atakata majani, kisha watamurudisha kwao.»

«Ni mudogo wangu! Alilala kwangu!»

«Nyumba iko kwa jina ya nani?»

Nikasema ya bwana wa mujukuu wangu. Tangu baba yako alikufa, kiwanja waliandika kwa jina ya Gaston, unajua.

«Alors, akuje mwenye nyumba. Ao bibi yake, na livret, ile kitabu ya ndoa. Wewe, Mama, ninakuheshimu, lakini wamama wote wa Mangobo wanakuja hapa kusema ni mudogo wangu.»

Akaniacha nimuone Sofia kwa dirisha ya nondo. Uso imevimba. Anakohoa ile kikohozi ya chini, yenye inamukunja. Unajua neno ya kwanza aliniuliza?

«Alphonsine amekwisha kupanda treni?»

«Bado. Ni kesho.»

«Basi akienda nitasema jina.»

«Kesho wanakuhukumu, Sofia! Sema leo!»

«Nilimuahidi mutoto.»

«Alisema leo tu, na leo ile imepita!»

«Rosa, unanigombeza tangu tulikuwa hatuna meno. Niletee tumbako.»

Na akacheka, na ile kicheko ikageuka kikohozi, na kijana akaniambia niende.

Nikarudi, nikawaambia. Gaston akaketi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. «Koko, nikienda kule watajua kama nilidanganya Komisioni. Nifike kwanza Kindu. Nikifika nitaandikia Administrateur barua.» Barua! Sofia atalala juu ya barua? Na wewe, mwenye alikaa mwaka muzima mugongoni mwa yule mama, unasema nini? Unasema: «Koko, Gaston anajua.» Gaston anajua nini? Gaston hajui hata kuku wanalala wapi.

Ulikuwa mudogo, hauwezi kukumbuka. Surua iliingia Mangobo, watoto wa jirani wakazikwa huku na huku. Mama yako alikuwa amekwisha kufa. Nilikupeleka Yanonge nikakuacha kwa Sofia, nikarudi kumufanyia baba yako chakula. Alikuchukua mugongoni akienda kwa shamba, mugongoni akienda kutega samaki. Alikutolea miiba ya samaki na meno yake. Nilipokuja kukuchukua ulinikimbia, ukajificha ndani ya liputa yake ya kujifunga, ukamuita mama. Niliona wivu, ninakuambia. Njia yote ya kurudi sikusema naye vizuri. Na yeye akatupungia mukono mpaka mutumbwi ikapita kona.

Njo huyo.

Sasa sikia. Ninaogopa. Hii haujasikia kwangu. Unanijua ninagombeza wauza samaki, ninagombeza katekista, bwana wako ananizunguka kama mbwa mukali. Ninaogopa ile kikohozi na ile simiti. Ninaogopa tribunali, kwa maana Sofia atasimama mbele yao na atafanya muchezo, yeye hawezi kunyamaza bila kuchezea mutu. Ninaogopa kwa ajili yenu pia, usifikiri sioni. Ukienda kule wanaweza kuandika kama Gaston alificha watu. Karte inaweza kupotea. Wanaweza kumuambia rudi, Kindu basi. Sitakudanganya kama hawatafanya kitu. Sijui. Wale watu sijawahi kujua watafanya nini.

Lakini kitu moja nilijua, nikuambie, sikumuambia hata baba yako.

Wakati ya vita ya wazungu walikuwa wanatuma wanaume ndani ya pori kutafuta mpira ya miti. Babu yako Yosefu alikuwa na kidonda kwa muguu, alikuwa anaifunika na suruali. Mutu wa kuandika akaja, akatusimamisha wote, akauliza: mugonjwa iko hapa? Yosefu hakuinua mukono, mwanaume na kiburi yake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kidonda nilikuwa ninaiosha mimi, nilijua ndani yake iko namna gani. Nikafungua mudomo, nikaangalia ile kofia, ile fimbo, nikafunga. Nikaangalia chini. Walimurudisha juu ya machela, na haikukaa muda mrefu akakufa.

Watu waliniambia: hata ungesema, wangemupeleka tu. Labda. Labda wangenipiga, wangemupeleka, na wangecheka juu. Sijui, na njo hiyo inaniuma. Kama ningesema wakakataa, kosa ingekuwa yao. Sasa nimebaki mimi na ile swali, tunazeeka pamoja.

Jumamosi wakati yule wa kravati aliniuliza munaishi wangapi, nikakuona wewe unaangalia chini, nilijiona. Shingo ile ile. Hata Gaston hakukufundisha hiyo, ni mimi. Nilikulea nikikuambia: muzungu akipita, angalia chini, polisi akiuliza, wewe haujui, usitaje jina ya mutu. Ilitusaidia mara nyingi, sitakataa. Kwa watu wa nje ilitusaidia. Sikufikiri siku moja utaitumia juu ya Sofia, na mimi nitakaa kando na uma mukononi, nikikusaidia.

Na Gaston usimuchukie. Ananikasirisha, lakini anakuheshimu, hanywi, hakupigi. Ameogopa tu, na mutu mwenye kuogopa anazunguka pale pale na miwani yake. Usimungojee. Ukimungojea mutazeeka wote wawili mukingojeana. Mimi na Yosefu tulifanya hivyo: yeye alingoja niseme, mimi nilingoja ainue mukono.

Kule Kindu watu watakuja pia. Usijidanganye kama ni mbali. Wakisikia karani iko na nyumba ya mabati watakuja na kuku wao, na magonjwa yao, na harufu yao, watajaa kwa sebule, watoto watakojoa juu ya mukeka yako nzuri, na mutu moja atakaa siku nyingi kupita vile alisema. Utachoka. Utaingia chumbani utauma muto ya kulalia, utakaa humo. Mimi nililia mara ngapi nyuma ya nyumba hii juu ya wageni! Kisha nilinawa uso nikaenda kuwauliza kama chai imetosha. Chukia wageni ndani ya roho yako ukitaka, hakuna mutu ataona. Lakini siku wanafika, siku ile ile, uwapeleke wakaandikwe kwa jina yako.

Crayon imeisha ncha, na Marta anageuka-geuka, sitaki aamke aulize ninaandika nini. Hajui bado kama mama yake angeweza kutoka tangu jana. Nikimuambia, ataingia chumbani mwenu na muchi ya kutwangia, na mimi sitamushika mukono.

Basi, sikiliza. Ukisoma karatasi hii usimuamshe Gaston. Livret ya ndoa iko ndani ya sanduku ya juu, chini ya mashati yake, nilikuona ukiiweka, itoe. Vaa ile liputa ya harusi, si ya safari, wakuone kama wewe ni bibi wa mutu na nyumba. Pita njia kubwa, mbele ya watu, usipite nyuma ya soko. Ukifika, usiongee na yule kijana asiye na ndevu, uliza mukubwa wake. Usianze na Kifaransa. Akianza yeye, mujibu. Inua shingo. Sema: yule ni koko wangu, alilala kwa nyumba yangu, sisi njo hatukumuandikisha. Taja jina ya Gaston, yote mbili, na yako. Wakiuliza kwa nini hamukumuandikisha, sema tuliogopa. Kisha simama hapo mpaka wamutoe. Treni yenu ya njia ya Ponthierville ikilia ngʼambo ya muto, ilie. Wakisema rudi kesho, simama.

Nitakuwa pale kwa mulango yao na sahani ya Sofia. Akijua kama umekuja atakataa, atasema hakujui. Usimusikilize. Amuka sasa, uende.